Mkimbiaji wa Kituo cha Pili

Kila siku ya mechi ya besiboli, kabla milango haijafunguliwa, vijana wa kiwanja humwagilia udongo mwekundu ili vumbi lilale. Huanza kituo cha kwanza wakaelekea cha tatu. Wakifika cha pili hupunguza nguvu ya maji na kuzunguka taratibu viatu vya Eligio Tavera, maana ni viatu vya ngozi ya zamani na vikilowa vitapasuka. Eligio huwashukuru kwa kichwa bila kuondoa macho kwenye kilima cha mrushaji. Kilima huwa kitupu saa hiyo. Lakini yeye hajayaondoa macho yake pale tangu enzi za utawala wa Jenerali, na hakuna aliyetarajia aanze leo.

Nyuma ya wavu wa kituo cha tatu, Obdulia Tavera alikuwa akikanda unga wa yaniqueque, mikate myembamba ya kukaanga ambayo mtu asipoila hawezi kusema amekwenda kuitazama timu ya Nyuki wa Puerto Sabinal. Obdulia alikuwa na miaka sitini na kitu, magoti mabovu na ulimi mzuri. Mkimbiaji wa kituo cha pili alikuwa baba yake. Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na jambo hilo lilikuwa limezoeleka kiasi kwamba hata wachokozi wa jukwaa la jua hawakulitania tena.

Historia ya Nyuki kila mtu mjini anaijua, na anaijua pia ile nyingine, iliyochapishwa. Timu ilianzishwa na wapika sukari wa kiwanda cha bandarini, watu waliovaa fulana za njano kwa sababu doa la molasi halionekani sana kwenye njano. Baadaye ikawa timu ya kulipwa, ikajengewa uwanja, ikajengewa na jina. Mwaka ule ilifika fainali dhidi ya timu ya mji mkuu, na timu ya mji mkuu ilikuwa mali ya mwana wa Jenerali. Raundi ya mwisho timu zilikuwa sare. Eligio alikuwa amesimama kituo cha pili, na aliyekuja kupiga alikuwa Nicanor Peguero, rafiki yake wa chanda na pete, aliyesimamia ndoa yake. Mpira mmoja tu ukipigwa vizuri, Eligio akimbie, apite kituo cha tatu, akanyage kituo cha nyumbani, ubingwa uwe wa wapika sukari.

Ndipo kanali mmoja aliposhuka kutoka jukwaa la wakubwa na kumnong'oneza mwamuzi. Mwamuzi akatazama juu, ambako hapakuwa na wingu hata la kufutia jasho, akainua mikono yote miwili na kutangaza mvua. Mechi ikasimama. Nicanor Peguero aliweka gongo lake chini taratibu, akaingia ndani. Wenzake wakamfuata. Mashabiki wakafungua miavuli, waliokuwa nayo, na wasiokuwa nayo wakajifunika magazeti. Eligio peke yake alibaki kituoni. Alisema haikunyesha, na mkimbiaji haachi kituo kwa sababu ya jua. Askari wa kanali walingoja watu watoke uwanjani. Milio ya bunduki ilisikika hadi sokoni, na kesho yake asubuhi vijana wa kiwanja walipokuja kumwagilia walimkuta palepale, mguu mmoja kwenye kituo, mikono magotini, tayari kukimbia.

Mkewe, Crucita, ambaye wakati huo tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana, alikwenda ofisi ya serikali kuomba cheti cha kifo. Karani alikuwa mtu wa haki, akatoka naye hadi uwanjani kuhakikisha. Alimsabahi Eligio, na Eligio akaitikia. Basi karani akasema hawezi kumwandika marehemu mtu aliyeitikia salamu. Crucita akasema mumewe ana matundu matatu kifuani. Karani akasema matundu ameyaona. Bila cheti hapakuwa na kaburi, na bila kaburi padre naye alisema misa ya wafu ina masharti yake. Timu ya mji mkuu ikapewa kombe. Kitabu cha historia ya klabu, kile kilichochapishwa, kinasema fainali ilivunjwa na mvua kubwa na kwamba mchezaji E. Tavera alihamia ng'ambo kutafuta maisha.

Mambo yakaendelea, kama yanavyoendelea siku zote hata pasipo ruhusa ya mtu. Jenerali alikufa, akaja mwingine, akaja wa kupigiwa kura. Wachezaji wa Nyuki walijifunza kumwambia Eligio "samahani, mkubwa" wanapodaka mpira karibu yake. Wageni walishtuka msimu mmoja, wa pili wakazoea. Waamuzi walikubaliana kwamba yeye ni wa mechi nyingine na hahesabiwi. Turubai la kufunika udongo lilikatwa tundu katikati, na mvua ya kweli ilipomshukia Eligio alikuwa akicheka na kusema, "Sasa hii ndiyo mvua."

Kupigwa kwa mipira ya wengine hakukumhusu. Alikuwa akimngoja mpigaji wake. Obdulia alianza kwenda kuongea naye tangu akiwa mdogo, asubuhi za siku zisizo na mechi. Alimwambia kwamba yeye ni mwanawe. Eligio alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba mke wake anatarajia kujifungua mwezi wa tatu, na kama ni msichana atafurahi sana awe na macho kama hayo. Obdulia alipokua, Eligio alianza kumwita doña, yaani bibi, kwa kuwa alilelewa vizuri. Na kila walipoongea aliuliza swali lilelile.

"Nani anapiga?"

"Nicanor, baba."

"Basi hatuna shida. Amekwenda kubadili gongo. Nicanor hawezi kunitupa."

Obdulia hakuwahi kumwambia vinginevyo. Alijaribu mara moja, akiwa msichana mwenye hasira za kisichana, akaishia kumsabahi tu. Mama yake alipokuwa anakata roho alimshika mkono na kumwagiza jambo moja tu, kwamba amzike Eligio ubavuni pake. Tangu siku hiyo Obdulia alilala na kuamka na agizo hilo. Alijua njia ilikuwa moja. Mkimbiaji akishakanyaga kituo cha nyumbani kazi yake imekwisha, anaweza kutoka uwanjani, na mtu aliyekwisha kutoka uwanjani na matundu matatu kifuani hakuna karani wa kubisha kwamba amekufa.

Mwaka huo klabu ilitangaza kwamba uwanja unauzwa. Mnunuzi alitaka kujenga duka kubwa. Nyuki wangehamia uwanja mpya nje ya mji, wenye taa za kila rangi, na uwanja huo ungeitwa Uwanja wa Nicanor Peguero, kwa heshima ya mchezaji, kisha kocha, kisha rais wa klabu, ambaye bado alikuwa hai na alikuwa amepita miaka tisini. Jumapili ya mwisho kungekuwa na sherehe. Mzee Nicanor angeletwa kwenye kituo cha nyumbani, ashike gongo, arushiwe mpira wa heshima.

Obdulia alifunga jiko lake mapema siku aliyosikia habari hizo, akaenda kwa Nicanor. Mzee alikuwa barazani, blanketi magotini, kahawa pembeni. Yeye ndiye aliyembeba Obdulia siku ya ubatizo, akawa baba yake wa ubatizo, kwa kuwa baba mwenyewe hakuweza kuondoka kituoni. Alimnunulia viatu vya shule kila mwaka hadi alipomaliza. Wala hakuwahi, katika maisha yake yote ya ukocha na urais, kukanyaga udongo ule tena. Alifundisha akiwa amekaa kwenye benchi, na alipotaka kwenda upande wa pili alizunguka kwa nje, kupitia barabarani.

"Nibariki, baba," alisema Obdulia.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umenenepa."

"Nimezeeka, baba. Ukiwa mbali havitofautiani."

Nicanor alicheka kidogo, akaacha. Obdulia alimwambia kwamba wataubomoa uwanja. Mzee akasema hawaubomoi, wanahama. Obdulia akasema kuna mtu mmoja hawezi kuhama. Mzee akaikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Jumapili watakupa gongo," Obdulia alisema. "Usilipunge hewani. Upige mpira. Hata ukiugusa tu ukaanguka mbele yako, yule atakimbia. Nakuomba hilo tu, na sitakuomba tena kitu."

"Mikono hii, Obdulia? Kijiko chenyewe kinanishinda."

"Hata ukiugusa tu."

Mzee aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, kana kwamba ameletewa ya mtu mwingine.

"Huwa anasema nini juu yangu?"

"Anasema umekwenda kubadili gongo."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Mzee akakisukuma kikombe pembeni. Nicanor alisema atapiga. Alisema mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini zaidi, na Obdulia, ambaye alijua kwamba ahadi ni deni lakini pia kwamba wadeni ni wengi, alimbusu mkono akaondoka.

Habari hazikosi miguu. Ijumaa meneja wa klabu, bwana Ogando, alikuja kwenye jiko la Obdulia, akanunua mkate ambao hakuula. Alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye kwapa. Alimweleza doña Obdulia kwamba wageni wa mji mkuu watakuwepo, pamoja na mnunuzi, pamoja na televisheni. Alisema Eligio akikanyaga kituo cha nyumbani, ile pointi itahesabiwa, na ikihesabiwa kombe la mwaka ule litakuwa si la waliolichukua, na watu wataanza kuuliza mvua ile ilinyesha wapi. Na zaidi, mtu mwenye matundu kifuani akianguka mbele ya kamera, nani atasimama kumweleza mnunuzi?

"Sherehe ni sherehe, doña. Mzee atapunga gongo, watu watapiga makofi, tutakwenda zetu."

"Bwana Ogando," alisema Obdulia, "mkate ukipoa hauliki."

Jumapili jua lilikuwa kali mno. Klabu iligawa miavuli ya njano na nyeusi mlangoni, zawadi ya mnunuzi, na watu waliipokea wakaiweka chini ya viti. Nje ya lango la mashariki, jirani yake Obdulia aitwaye Wenceslao aliegesha pikapu yake, na ndani ya pikapu, chini ya magunia matupu ya sukari, kulikuwa na jeneza. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa ubavuni pa Crucita. Padre mpya, kijana asiyejua masharti ya mwenzake wa zamani, alikuwa amekubali kungoja. Obdulia hakuwasha jiko. Alisimama kwenye wavu akiwa na shati jeupe la kumzikia baba limekunjwa kwenye mfuko, na vidole vyake vilikuwa vimeshika waya hadi vikafa ganzi. Aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo hata mama yake alipokuwa anakufa, maana kifo cha mama hakikumtegemea mtu yeyote.

Walimleta Nicanor kwa kiti cha magurudumu hadi ukingo wa udongo. Hapo aliinua mkono, wakasimama. Alishuka mwenyewe. Alitembea hadi kituo cha nyumbani kama anayekanyaga maji asiyojua kina chake, akapewa gongo, na makofi yalipotulia aligeuka akatazama kituo cha pili.

Eligio alikuwa amemwona. Alijinyoosha, akapiga suruali vumbi, akainua kidole kimoja kumwonyesha kwamba yuko tayari. Kisha akasogea hatua mbili kutoka kituoni kuelekea cha tatu, jambo ambalo hakuna aliye hai uwanjani aliyewahi kumwona akilifanya. Waliosimama walibaki wamesimama, waliokaa wakasimama pole pole.

Kijana wa timu ya mji mkuu alirusha mpira kwa upole, kama alivyoagizwa. Nicanor hakutikisika. Mpira ukapita, mdakaji akaudaka. Meneja Ogando, kwenye jukwaa la wakubwa, alianza kupiga makofi kuashiria mwisho, lakini hakuna aliyemfuata. Mdakaji aliurudisha mpira. Kijana alitazama jukwaani, akatazama kituo cha pili, akarusha tena.

Gongo lilisogea. Halikupigwa, lilisukumwa tu, lakini likaukuta mpira, na mlio wa mti ukasikika kila kona. Mpira ulibingirika katikati ya walinzi wawili ukaingia kwenye nyasi, na walinzi hawakuufuata kwa kuwa hakuna aliyewaagiza.

Eligio alikuwa tayari ameshaondoka. Alikimbia kizamani, kifua mbele, viwiko karibu na mbavu, na vumbi lilitimka nyuma yake licha ya maji yote ya vijana wa kiwanja. Alikanyaga kona ya ndani ya kituo cha tatu, akakata kona, akampita Obdulia umbali wa mkono. Obdulia alisikia pumzi yake. Alinuka molasi na pamba iliyopigwa pasi ya makaa. Hakujua kwamba alikuwa akilia mpaka alipouona wavu umekuwa nyavu mbili.

Nicanor alikuwa amesimama palepale kwenye kituo cha nyumbani, gongo limeshaanguka, mikono imeinuka nusu kama ya mtu anayetaka kupokea mgeni. Eligio alimwendea akicheka. Na kadiri alivyomkaribia ndivyo matundu matatu yalivyoonekana, moja juu, mawili chini, ukingo wake umeungua. Nicanor hakuwa amewahi kuyaona. Alikuwa amezunguka kwa barabarani maisha yake yote ili asiyaone.

Mikono ya mzee ilishuka. Mmoja ukabaki mbele yake, kiganja juu, kimefunuka. Akainua uso, akatazama mbinguni, kama mtu aliyehisi tone.

Mwamuzi alikuwa mtu mzima mwenye familia. Alikitazama kile kiganja, akatazama jukwaa la wakubwa, akainua mikono yote miwili. Kipaza sauti kikatangaza kwamba mchezo umesimamishwa kwa sababu ya mvua. Na chini ya jua lile miavuli ya njano na nyeusi ilianza kufunguka, jukwaa baada ya jukwaa, mpaka hapakuonekana uso wa mtu. Wenceslao pale langoni naye alifungua wake, kisha akaona haya, lakini hakuufunga.

Eligio alipunguza mwendo, akasimama. Kati yake na kituo cha nyumbani palibaki hatua ambazo mtoto angezimaliza.

"Mvua, ndugu yangu?"

"Mvua," alisema Nicanor.

"Baba, jua linawaka," Obdulia alisema kwenye wavu. "Kanyaga. Kanyaga tu."

Eligio alimgeukia na kumtuliza kwa kiganja, bila ukali. Alipoambiwa na kanali kwamba kuna mvua, alikataa, na yaliyompata yakampata. Lakini huyu hakuwa kanali.

"Subira, doña. Nicanor ameona mawingu."

Mchezo ukisimamishwa, mkimbiaji hurudi kwenye kituo alichokikanyaga mwisho. Ndiyo sheria, na Eligio Tavera hakuwahi kuvunja sheria ya besiboli hata moja. Alirudi mdogo mdogo hadi kituo cha tatu, akaweka mguu, akaweka mikono magotini. Nicanor alirudishwa kwenye kiti chake, akasukumwa kutoka. Hakugeuka.

Mzee alikufa kabla uwanja mpya haujafunguliwa, naye alipata cheti siku hiyohiyo. Jina lake liko juu ya lango kwa herufi za taa. Kitabu cha historia kimechapishwa upya, kwa picha za rangi, na kina ukurasa mzima juu ya sherehe ya kuaga uwanja wa zamani, iliyokatishwa na mvua.

Duka kubwa limejengwa. Kituo cha tatu kiliangukia kwenye maegesho ya magari, karibu na vitoroli, na mafundi walipaka mstari wa njano kumzunguka Eligio ili watu wasimgonge wakirudi nyuma. Obdulia aliomba kibali cha kukaangia hapo pembeni, akapewa. Kaburi lile lilifukiwa tena kwa sababu lilikuwa linajaa maji. Jeneza analo nyumbani, anahifadhia unga, na unga haupati wadudu. Kwa kweli baba na binti sasa wako karibu kuliko walivyowahi kuwa. Akinyoosha mkono anaweza kumfuta vumbi la bega.

Juzi, saa ya jua la utosi, wateja walikuwa wakitoka dukani na mifuko yao, kila mmoja chini ya mwavuli wa njano na nyeusi, maana ile miavuli ilikuwa imara na watu wameizoea. Eligio aliwatazama kwa muda, ukosi wake ameuinua hadi masikioni.

"Imekatika, doña?"

Obdulia aliweka chini kijiko chake. Alikuwa amechoka kudanganya, hata kwa kunyamaza.

"Haikunyesha, baba. Siku ya sherehe haikunyesha, na siku ile ya kwanza haikunyesha. Haijawahi kunyesha."

Eligio alilifikiria jambo hilo kwa uzito, kama alivyofikiria kila jambo. Akatazama juu, akatazama tena watu wakipita.

"Basi mbona kila mtu ana mwavuli?"

Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi, Obdulia akageuza mkate.